Mlango Mdogo Katika Mkia wa Mbegu: Sababu Moja ya Kukosa Watoto

SOMO LA SITA: Mwili na Urithi. Kwa vikundi vya kusikiliza na kwa wanaojisomea wenyewe.

  

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba mtoto hupokea nusu ya urithi wake kwa baba na nusu kwa mama. Leo tutaitumia elimu hiyo katika jambo linaloleta huzuni katika nyumba nyingi, nalo ni kukosa watoto. Tutaeleza sababu moja tu kati ya sababu nyingi, lakini ni sababu yenye mafunzo makubwa, kwa maana inaonyesha jinsi mume mwenye afya njema, mwenye nguvu zake zote, anavyoweza kukosa mtoto bila kosa lake wala la mkewe.

Kwanza neno moja juu ya haya. Wengine watasema, "Mambo haya si ya kusemwa mbele za watu." Haya ni kitu chema, wala somo letu halitakuwa na neno la aibu. Lakini wazee wetu walisema, "Mficha uchi hazai." Asiyetaka kuonyesha shida yake hapati wa kumsaidia. Katika jambo la leo methali hiyo ni kweli neno kwa neno.

LAWAMA HUMWANGUKIA NANI?

Tuseme Bwana Juma amemwoa Bibi Asha. Mwaka unapita, wa pili unapita, na mtoto haonekani. Watu huanza kunong'ona. Mama mkwe hupunguza maneno mazuri. Mawifi humwita Bibi Asha tasa. Mara nyingi hupelekwa kwa mganga yeye peke yake, naye hupewa dawa za kunywa na za kufukiza. Mwisho Bwana Juma hushauriwa aoe mke wa pili, au ampe Asha talaka. Hata mtu mmoja hajauliza, "Je, Juma mwenyewe amepimwa?"

Basi sikilizeni hesabu hii. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba katika kila watu wazima 6 duniani, karibu mmoja hupatwa na shida ya kupata mtoto wakati fulani wa maisha yake. Na madaktari wameona kwamba katika nusu hivi ya jozi za mume na mke wenye shida hiyo, upande wa mume una sehemu katika sababu, ama peke yake, ama pamoja na upande wa mke. Kwa hiyo anayempima mke tu na kumwacha mume ni kama mtu aliyepoteza ufunguo katika nyumba ya vyumba viwili, akatafuta katika chumba kimoja, kisha akasema haupo.

Yafaa pia tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Nguvu za kiume ni jambo moja, na uzima wa mbegu ni jambo jingine. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote za kitandani na mbegu zake zisiweze kufanya kazi. Mbegu hazionekani kwa macho. Hakuna awezaye kuzijua kwa kumtazama mtu umbo lake, wala ndevu zake, wala kazi anayoifanya shambani.

SAFARI YA MBEGU

Mtu wa kwanza kuandika habari za mbegu za kiume baada ya kuziona alikuwa Antonie van Leeuwenhoek, mkazi wa mji wa Delft huko Uholanzi. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo aliyejitengenezea hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Mwaka 1677 alitazama tone la manii akaona vijidudu visivyo na idadi, kila kimoja kina kichwa na mkia, vikiogelea. Leo tunajua kwamba havikuwa vijidudu bali ni mbegu, kila moja ikiwa seli moja hai ya mwili wa mwanamume.

Mbegu moja ina urefu wa sehemu 5 hivi katika sehemu 100 za milimita. Ukizipanga 20 moja nyuma ya nyingine, zinapata milimita moja tu. Kichwa chake kimebeba urithi wa baba. Shingoni pana mahali pa kutengenezea nguvu. Sehemu iliyobaki ni mkia, nao ndio kasia lake.

Mume anapokutana na mkewe hutoa mbegu nyingi mno, kwa kawaida zaidi ya milioni 100. Lakini zinazofika karibu na yai, ndani ya mrija wa uzazi, ni mia chache tu. Nyingine hufa au hupotea njiani. Na hizo mia chache bado hazijamaliza kazi. Yai limezungukwa na seli nyingi zilizoshikamana, na chini ya seli hizo liko ganda nene, laini lakini gumu kupenya. Mbegu lazima ilipenye ganda hilo ndipo iingie yaini.

Mwaka 1951 wataalamu wawili, Colin Austin wa Australia na Min Chueh Chang aliyekuwa Marekani, kila mmoja kwa kazi yake mwenyewe, waligundua jambo la ajabu. Mbegu iliyotoka sasa hivi kwa dume haiwezi kulitia yai mimba. Lazima kwanza ikae saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi ya jike, ipate kuiva. Kisha, karibu na mwaka 1970, mtaalamu wa Kijapani aliyefanya kazi Hawaii, Ryuzo Yanagimachi, akiangalia mbegu za hamsta, yaani mnyama mdogo wa jamii ya panya, aliona kwamba mbegu zilizoiva hubadili mwendo wake. Mwanzo zilikuwa zikienda polepole kwa mkia unaotikisika sawasawa huku na huku. Halafu ghafula zilianza kuupiga mkia kwa nguvu, upande mmoja kuliko wa pili, kama mjeledi.

Mtu wa pwani ataelewa upesi. Mtumbwi ukiwa katika maji matulivu, mwenye mtumbwi hupiga kafi taratibu, nao huteleza. Lakini ukikwama katika matope ya mikoko, kafi ya taratibu haifai kitu. Hapo hushika upondo, akajikaza, akasukuma kwa nguvu zake zote mpaka mtumbwi ujing'oe. Mbegu nayo ina miendo miwili. Mwendo wa kwanza ni wa kafi, wa safari. Mwendo wa pili ni wa upondo, wa kujing'oa katika ukuta wa mrija, kupita katika ute mzito, na kulipenya ganda la yai. Mbegu isiyo na mwendo wa pili huogelea vizuri tu, lakini haifiki.

MLANGO WENYEWE

Sasa tuulize, ni nani anayeiambia mbegu iache kafi ishike upondo? Jawabu ni madini ya kalisiamu, yale yale yanayoifanya mifupa yetu iwe migumu na yanayopatikana katika maziwa na dagaa. Kalisiamu iliyoyeyuka majini huwa katika hali ya chembe ndogo sana zenye umeme, nazo huitwa ayoni. Nje ya mbegu, katika majimaji ya njia ya uzazi, ayoni hizo ni nyingi. Ndani ya mbegu ni chache mno, pengine sehemu moja tu kwa kila sehemu 10,000 za nje. Ngozi ya mbegu huzizuia zisiingie. Siku mlango ukifunguliwa, ayoni humiminika ndani kama maji ya bwawa yanavyomiminika shambani mkulima akiinua ubao wa mfereji. Zikiingia mkiani, mkia hubadili mapigo.

Mlango wa namna hii, unaopitisha ayoni katika ngozi ya seli, uko katika seli zote za mwili. Moyo hupiga kwa sababu ya milango ya ayoni, na mishipa ya fahamu hupeleka habari kwa milango ya ayoni. Lakini mlango wa mkiani mwa mbegu ni wa peke yake. Uligunduliwa mwaka 2001 huko Boston, Marekani, na kikundi cha wataalamu cha David Clapham, pamoja na Dejian Ren na wenzao. Waliupa jina CatSper, nalo ukilitamka kwa ulimi wetu ni "katspa". Kwa mwanadamu mlango huu unajulikana kuwa mkiani mwa mbegu, wala mwili hauutumii mahali pengine kama moyoni au katika misuli.

Wataalamu hao waliwachukua panya wakaiondoa sehemu ya urithi inayotengeneza mlango huo. Matokeo yake yafaa tuyakumbuke vizuri. Panya madume walikuwa na afya njema. Walipanda majike kama kawaida. Mbegu zao zilikuwa nyingi kama za panya wengine. Lakini hawakuzalisha hata mara moja. Panya majike waliokosa sehemu hiyo hiyo walizaa bila shida. Tena, wataalamu walipoyachukua mayai wakayavua ganda lake, mbegu za madume wale ziliweza kuyatia mimba. Maana yake ni kwamba mzigo uliomo katika kichwa cha mbegu ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni nguvu ya kulipenya ganda.

Miaka 10 baadaye, yaani mwaka 2011, vikundi viwili, kimoja cha Marekani na kimoja cha Ujerumani, vilionyesha jinsi mlango huu unavyofunguliwa kwa mwanadamu. Seli zile zinazolizunguka yai hutoa homoni iitwayo projesteroni. Mbegu ikikaribia huipata homoni hiyo, na mlango hufunguka. Ni kana kwamba mwenye nyumba ndiye anayepaza sauti, "Karibu!" kabla mgeni hajapiga hodi. Hali ya ndani ya mbegu nayo husaidia: asidi ikipungua ndani ya mkia, mlango huwa mwepesi kufunguka. Na mwaka 2014 wataalamu, kwa kutumia hadubini zenye nguvu mno, waliona kwamba milango hii imepangwa katika mistari minne inayofuata urefu wa mkia, kama misumari iliyopigwa kwa mstari ubavuni mwa jahazi.

Mlango huu haukutengenezwa kwa ubao mmoja. Vipande vinne vya protini hufanya tundu lenyewe, na vipande vingine vingi huushikilia, mfano wa fremu, bawaba na komeo. Kila kipande kina maagizo yake ya kukitengeneza. Kipande kimoja kilicho muhimu kikikosekana, mara nyingi mlango wote hausimami.

MAAGIZO YAKIHARIBIKA

Maagizo hayo huitwa jeni, nayo yamo katika kila seli ya mwili, yameandikwa kwa herufi nne tu za kikemia. Mwili huyasoma herufi tatu tatu. Sasa naomba kiongozi wa kikundi aandike ubaoni maneno haya, yenye herufi tatu kila moja:

ULE MTI UNA NZI

Maneno haya yana maana, nanyi mnaweza kuyasoma. Sasa ongeza herufi K mara baada ya neno la kwanza, lakini uendelee kusoma herufi tatu tatu:

ULE KMT IUN ANZ I

Herufi moja tu imeongezeka, na kutoka hapo mpaka mwisho hakuna linaloeleweka. Hivyo ndivyo ilivyotokea katika koo mbili za Iran ambazo habari zake zilichapishwa mwaka 2009. Katika koo hizo walikuwamo wanaume wasiopata watoto. Wataalamu waliposoma jeni iitwayo CATSPER1 waliona kwamba herufi zimeongezeka, usomaji umehama, na mwili umelazimika kuacha kazi katikati. Protini haikutengenezwa ipasavyo, na mlango haukuwapo.

Lakini kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiharibika na nyingine ikiwa nzima, kwa kawaida ile nzima hutosha. Mtu huyo hana shida, wala hajui kwamba amebeba kasoro. Shida huonekana kwa mwanamume aliyepata nakala mbovu kutoka pande zote mbili.

Tuchukue mfano. Mume anabeba nakala moja mbovu na moja nzima. Mke naye vivyo hivyo. Wote wawili wanazaa. Kila mtoto wao hupewa nakala moja na kila mzazi, kwa bahati tu, kama kurusha shilingi mbili kwa pamoja. Mara moja katika nne, shilingi zote huangukia upande mmoja tunaouogopa, na mtoto hupata nakala mbili mbovu. Mara mbili katika nne hupata moja mbovu na moja nzima, kama wazazi wake. Mara moja katika nne hupata zote nzima. Msidhani kwamba wakizaa wanne lazima mmoja awe na kasoro. Shilingi haikumbuki ilivyoanguka jana.

Sasa mtoto aliyepata nakala mbili mbovu akiwa wa kike, hatapata dhara lolote katika kuzaa kwa ajili ya kasoro hii, kwa sababu hana mbegu zenye mkia. Ataolewa, atazaa, na watoto wake wote watabeba nakala moja mbovu. Akiwa wa kiume, atakua, atabaleghe, atakuwa na nguvu kama wenzake, wala hatajua kitu mpaka atakapooa. Hivyo kasoro inaweza kupita kimyakimya vizazi vingi, ikipokewa na mabinti na wanaume wenye nakala moja, kisha ikajitokeza ghafula. Ndipo watu husema, "Mbona baba yake alizaa kumi? Huyu amerogwa." Hakurogwa. Amerithi vipande viwili vilivyokuwa vimetengana.

Wengi watauliza juu ya ndoa za mtoto wa ami na mtoto wa mjomba, maana ndoa hizo ni desturi katika sehemu za pwani yetu, na katika nchi za Uarabuni na Iran. Jawabu ni hili. Mume na mke wenye babu mmoja wanaweza wote wawili kuwa wamerithi nakala ile ile mbovu ya babu yao. Kwa hiyo nafasi ya nakala mbovu mbili kukutana inazidi ile ya watu wasio na udugu. Ndiyo maana magonjwa mengi ya namna hii yametambulikana kwanza katika koo zinazooana. Lakini ndoa nyingi za namna hiyo huzaa watoto wazima. Hatuhukumu desturi ya mtu. Tunasema tu kwamba pakiwa na kasoro inayojirudia katika ukoo, yafaa kumwuliza daktari kabla ya kufunga ndoa nyingine ndani ya ukoo huo.

Iko alama moja ambayo ukoo unaweza kuitambua wenyewe. Jeni nyingine ya mlango huu, CATSPER2, iko katika kromosomu ya 15, na jirani yake ni jeni inayohitajiwa na sikio ili lisikie vizuri. Pengine kipande chote hukatika na jeni zote mbili hupotea pamoja. Mwanamume aliyepoteza kipande hicho katika nakala zote mbili husikia kwa shida, tena hapati mtoto. Dada yake aliyepoteza kipande hicho husikia kwa shida, lakini huzaa. Mwaka 2007 habari za koo tatu za namna hiyo, nazo za Iran pia, zilichapishwa. Wako viziwi wengi duniani wanaozaa bila tatizo, kwa hiyo asije mtu akasema kwamba kiziwi hazai. Lakini katika ukoo mmoja ndugu wa kiume wenye usikivu mdogo wakiwa wote hawana watoto, daktari aambiwe mambo yote mawili, wala si moja.

KIPIMO CHA KAWAIDA NA UPUNGUFU WAKE

Mwanamume akienda hospitali, kipimo cha kwanza ni kutazama manii kwa hadubini. Mtaalamu wa maabara huhesabu mbegu, huangalia ngapi zinakwenda, na zina umbo gani. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 kinatoa kipimo cha chini cha kulinganishia: mbegu milioni 16 katika kila mililita, na kati ya mbegu zote, 30 katika 100 ziwe zinakwenda mbele. Aliye chini ya hapo hawi hana matumaini, na aliye juu ya hapo hawi na uhakika.

Hapo ndipo penye fumbo la somo letu. Kipimo hiki huona kafi, lakini hakioni upondo. Mwanamume asiye na mlango wa CatSper anaweza kuonekana ana mbegu za kutosha, zenye kwenda, zenye umbo zuri. Wengine huonekana na upungufu, lakini wengine hawaonekani na kasoro yoyote. Huambiwa, "Bwana, wewe mzima." Anarudi nyumbani na karatasi mkononi, na lawama zote zinamrudia mkewe.

Mwaka 2024 wataalamu wa mji wa Münster, Ujerumani, pamoja na wenzao, walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume zaidi ya 2,000 kwa kipimo chepesi kinachoonyesha kama mlango huu unafanya kazi. Waliwapata wachache ambao hauko kabisa au haufanyi kazi. Watu hao hawakuweza kupata mtoto kwa njia ya kawaida. Hawakuweza pia kwa njia ya daktari kuzitia mbegu katika mji wa mimba. Hawakuweza hata kwa njia ya kuyaweka mayai na mbegu pamoja katika chombo cha maabara, njia ile iliyomzaa Louise Brown huko Uingereza mwaka 1978. Katika njia zote hizo, mbegu lazima ipenye yenyewe.

Je, hawana tumaini? Wanalo. Mkumbuke yale mayai ya panya yaliyovuliwa ganda. Mwaka 1992 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, Gianpiero Palermo akiwa mmoja wao, walitangaza mimba za kwanza zilizopatikana kwa kuichukua mbegu moja kwa sindano nyembamba kuliko unywele na kuidunga moja kwa moja ndani ya yai. Kwa njia hii mbegu haihitaji kuogelea, wala kupenya, wala mlango. Wanaume wasio na CatSper wamepata watoto kwa njia hiyo. Kila mtoto wa mtu kama huyo atabeba nakala moja mbovu, lakini mama akiwa na nakala nzima mbili, mtoto hatakuwa na shida ya baba yake.

Kliniki za kazi hiyo zipo katika miji kama Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Gharama zake ni kubwa, na watu wengi hawaziwezi. Ndiyo sababu kujua kasoro mapema kuna faida ya mfukoni pia. Anayejua kwamba mbegu zake haziwezi kupenya hatapoteza fedha na miaka katika njia zisizomfaa. Kipimo chenyewe cha mlango bado hakijaenea katika hospitali zetu, lakini daktari bingwa wa uzazi anaweza kuulizwa habari zake.

TUFANYE NINI?

Sikusudii mtoke hapa mkisema kwamba kila asiye na mtoto amekosa mlango wa mbegu. La. Kasoro hii ni ya wachache. Wako wengi zaidi ambao mirija yao, ya mume au ya mke, imeziba kwa sababu ya kisonono au klamidia isiyotibiwa. Wako waliovimba mishipa ya damu katika korodani. Wako walioharibiwa na matubwitubwi yaliyowapata ukubwani, na wanaopunguza mbegu zao kwa tumbaku, au kwa dawa za kujaza misuli. Mengi katika hayo yana tiba, au yanaweza kuzuiwa. Kwa hiyo mfuate utaratibu huu.

Kwanza, mume na mke waliokaa miezi 12 wakitafuta mtoto bila kufanikiwa waende hospitali wote wawili. Mke akiwa amepita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi 6.

Pili, mume apimwe mwanzoni, si mwishoni. Kipimo cha manii hakina maumivu, na ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mke.

Tatu, mweleze daktari habari za ukoo: ndugu wasio na watoto, ndoa za jamaa, usikivu mdogo, maradhi ya utotoni.

Nne, vipimo vyote vya mke na vya mume vikionekana vizuri na mtoto hapatikani, msiseme kwamba ni mke. Semeni, "Kipo ambacho hakijapimwa." Mulizeni daktari kama mbegu zimepimwa jinsi zinavyofanya kazi, au idadi yake tu.

Tano, msinunue dawa za kuongeza mbegu kwa sababu ya maneno ya muuzaji. Hakuna mzizi wala kidonge kiwezacho kuandika upya jeni iliyopotea.

MUHTASARI

Tumejifunza kwamba mbegu ina miendo miwili, wa kusafiri na wa kupenya. Mwendo wa pili huanzishwa na ayoni za kalisiamu zinazoingia kwa mlango uitwao CatSper. Mlango hujengwa kwa maagizo ya jeni nyingi, na jeni moja ikiharibika katika nakala zake zote mbili, mwanamume hukosa mtoto ingawa ana afya. Wanawake hubeba kasoro hiyo bila kudhurika. Kipimo cha kawaida chaweza kutoiona, na sindano ya maabara yaweza kuipita.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Katika kijiji au mtaa wenu, ndoa ikikosa mtoto, nani hupelekwa kwanza kutafuta matibabu? Kwa nini?

2. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya nguvu za kiume na uzima wa mbegu.

3. Baba na mama wote wanabeba nakala moja mbovu. Chukueni shilingi mbili, mzirushe mara 20, mwandike matokeo. Ni mara ngapi zimeanguka zote upande mliouchagua kuwa mbovu?

4. Kwa nini dada anaweza kuzaa ilhali kaka yake mwenye urithi ule ule hawezi?

5. Mtamwambia nini mzee anayetaka kijana wake ampe mkewe talaka, hali kijana hajapimwa?

Swali la tano ndilo kubwa kuliko yote, nami nawaomba mlizungumze kwa utaratibu, wanawake nao wapate nafasi ya kusema. Majibu yenu mwandikieni kiongozi wa kikundi, naye atayaleta. Katika somo la saba tutaeleza damu na makundi yake, na kwa nini si kila damu yafaa kuongezewa kila mtu.